Namna ya Kuandika Tafakuri Binafsi Kuhusu Maadili ya Mazingira na Wanyama

Tafakuri yangu ya kwanza kuhusu maadili ya mazingira ilirudi mikononi mwangu ikiwa na maneno matano tu, yaliyoandikwa kwa kalamu nyekundu pembezoni mwa ukurasa wa pili: "Wewe uko wapi humu ndani?" Nilikuwa nimejaza kurasa sita kwa habari za ukataji wa misitu, ongezeko la joto duniani, plastiki baharini na ujangili, na kila sentensi ilikuwa ya kweli, ila hapakuwa na hata moja ambayo mwenzangu yeyote darasani asingeweza kuiandika. Mwongozo huu umetokana na swali hilo. Unamhusu mwanafunzi aliyepewa kazi ya kutafakari wajibu wake kwa wanyama na kwa mazingira, awe anasoma falsafa, baiolojia au ualimu, ambaye anajua kwamba hatakiwi kuandika ripoti wala hotuba, lakini hajui basi anatakiwa kuandika nini.

Ripoti hueleza hali ilivyo. Insha ya hoja hutetea msimamo uliokwisha kupatikana. Tafakuri huonyesha jinsi msimamo ulivyopatikana, mahali ulipoyumba na kitu kilichouyumbisha, kwa hiyo msomaji wako atatafuta mambo mawili kwa pamoja: jambo halisi lililokugusa, na hoja za maadili zilizolihoji jambo hilo mpaka ukalazimika kubadilisha kitu, hata kikiwa ni neno moja. Likikosekana la kwanza, kinachobaki ni muhtasari wa mihadhara; likikosekana la pili, kinachobaki ni ukurasa wa shajara.

Anza na jambo ulilolitenda mwenyewe

Wengi wetu huanza na mambo makubwa, tukidhani kwamba ukubwa wa mada utaipa kazi uzito. Hali halisi ni kinyume chake, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kuitafakari sayari nzima, ila anaweza kutafakari alichokitenda. Chagua tukio moja ambalo ulikuwa mtendaji wake na si mtazamaji, na ikiwezekana liwe tukio ambalo hadi leo hujalimaliza moyoni: chura uliyempasua maabara, mti ulioukata kwa sababu majani yake yalikuchosha kuyafagia, mbwa aliyegongwa ukampita kwa kuwa ulikuwa umechelewa. Ukiona aibu kidogo unapolikumbuka, hiyo ni dalili kwamba umechagua vizuri.

Mimi nilichagua panya. Alikuwa akiingia chumbani kwangu usiku na kutafuna vitabu na kamba za mkoba, nami nikanunua mtego wa gundi, yaani ile karatasi ngumu iliyopakwa gundi nzito isiyokauka, nikauweka nyuma ya kabati. Saa tisa usiku nikaamshwa na sauti nyembamba iliyokuwa ikikatikakatika. Nilipomulika tochi nilimkuta amelala ubavu, shavu na mguu mmoja wa nyuma vimeshikwa, manyoya ya tumbo yamenyofoka pale alipojaribu kujivuta, na ubavu ukipanda na kushuka kwa kasi nisiyoweza kuihesabu. Nilizima tochi. Nilirudi kitandani nikajifunika shuka hadi masikioni, na asubuhi nikautupa mtego pamoja na kilichokuwa juu yake bila kuangalia kama bado kilikuwa kinapumua.

Katika aya hiyo hamna neno "ukatili", "huruma" wala "haki", na hilo nimelifanya kwa makusudi. Katika rasimu ya kwanza eleza kilichotokea kwa mfuatano wake, kwa vitenzi vya kawaida, na uyaache nje maneno ya hukumu, kwa sababu neno la hukumu likitangulia hufunga mlango: ukishakiri katika mstari wa kwanza kwamba ulikuwa mkatili, kilichobaki ni kuomba radhi, na kuomba radhi si kufikiri. Tena usijipambe. Nilikuwa na kishawishi kikubwa cha kuandika kwamba nilimwonea panya yule huruma usiku uleule, ilhali nilichokihisi zaidi ni kuudhika kwa kuamshwa, na kuudhika huko ndiko kulikokuja kunipa cha kuandika.

Chunguza lugha yako kabla ya kuchunguza nadharia

Hatua hii haimo katika miongozo mingi, nami naiona kuwa ndiyo yenye faida kuliko zote kwa anayeandika kwa Kiswahili. Chukua kalamu, rudia aya ya tukio lako, na upigie mstari kila kiambishi kinachomrejelea mnyama. Nilipofanya hivyo niligundua jambo ambalo sikulipanga: usiku, panya wangu ni wa ngeli ya A-WA, "amelala", "alipojaribu", sawasawa na mtu yeyote, asubuhi amekuwa "kilichokuwa juu yake" na "kinapumua". Kati ya saa tisa usiku na mapambazuko nilikuwa nimemhamisha kutoka kundi la wenye uhai hadi kundi la vitu, na sarufi ilinisaidia kufanya hivyo bila mimi mwenyewe kuona. Ugunduzi huo ulinipa aya mbili nzima ambazo hakuna kitabu kingeweza kunipa.

Maneno mengine nayo yana mengi ya kusema. Ukatili tunauita "unyama", na wema tunauita "utu", ingawa aliyetega gundi chumbani mle alikuwa mtu na aliyenaswa alikuwa mnyama. Mti, mto na mlima vimewekwa katika ngeli ya U-I, mbali na wenye uhai, ilhali mdudu tunayemkanyaga bila kugeuka amepewa heshima ya A-WA. Sidai kwamba lugha inaamua maadili yetu, na ukilidai hilo utaulizwa ushahidi ambao hutaupata. Ninachosema ni kwamba lugha ni mahali ambapo mazoea yako yameacha alama, na alama hizo unaweza kuzinyooshea kidole.

Jambo hilohilo lipo katika sheria. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho ya ustawi wa wanyama ya mwaka 1966 ilirekebishwa mwaka 2002 ili tafsiri ya neno "mnyama" isiwahusishe panya wakubwa na wadogo, wala ndege, waliozalishwa kwa ajili ya utafiti. Kwa msomaji wa kawaida panya ni mnyama. Kwa sheria hiyo, panya wa maabara si mnyama. Kila unapotumia neno "wanyama" katika tafakuri yako, jiulize linamfunika nani na linamwacha nani, kwa maana mara nyingi tunaandika "wanyama" tukiwa na mbwa na tembo vichwani.

Acha nadharia ilihoji tukio

Majina ya wanafalsafa huchomekwa katika kazi za wanafunzi kama mapambo ya harusi, yaani yanawekwa ili yaonekane, kisha yanaondolewa na hakuna kinachoanguka. Njia ya kuepuka hilo ni kuiuliza kila nadharia swali moja: ingeniambia nini nilipokuwa nimesimama pale na tochi mkononi? Ikiwa haina la kusema zaidi ya ulichokwisha kukijua, iache, hata kama mhadhiri anaipenda. Nadharia mbili au tatu zilizofanya kazi zinatosha.

Mwaka 1789 Jeremy Bentham wa Uingereza alichapisha kitabu ambacho katika tanbihi yake moja alisema kwamba kuhusu wanyama swali la kuuliza si kama wanaweza kufikiri, wala kama wanaweza kusema, ila kama wanaweza kuteseka. Peter Singer wa Australia aliijenga hoja hiyo upya mwaka 1975, akisisitiza kwamba maslahi yanayolingana yapewe uzito ulio sawa bila kujali mwenye maslahi ni wa spishi gani. Nilipoileta kanuni hiyo chumbani kwangu, haikunisumbua sana juu ya kumwondoa panya, kwa kuwa nilikuwa na sababu. Ilinisumbua juu ya mtego. Kwa nini nilichagua unaoua kwa saa nyingi wakati upo unaoua kwa kufumba na kufumbua? Jibu la kweli lilikuwa kwamba mtego wa chuma wenye springi uliwahi kunibana kidole, nami sikutaka kubanwa tena. Nilikuwa nimebadilisha usiku mzima wa maumivu ya panya kwa usalama wa kidole changu, na sikuwahi kuyaona mabadilishano hayo mpaka nilipolazimika kuyaandika.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, alishika njia nyingine. Aliwafundisha wanafunzi wake kwamba hatuna wajibu wa moja kwa moja kwa mnyama, ila anayemtendea mnyama ukatili huugandisha moyo wake, na mwishowe huwa mgumu hata kwa wanadamu. Wanafunzi wengi humpita haraka wakimwona amewadhalilisha wanyama, nami nilikuwa mmoja wao, hadi nilipoifikiria tena ile tochi. Kuzima taa ili nisione: je, hiyo ni tabia niliyokuwa nayo kwa panya tu? Hapo ndipo tafakuri ilipohama kutoka kwa panya ikanigeukia mimi, na ukifika mahali kama hapo katika kazi yako usikimbilie kuandika aya inayofuata. Kaa hapo. Taja mara nyingine ulipofanya hivyo, ikiwa unaikumbuka.

Tom Regan, Mmarekani, alipinga njia zote mbili mwaka 1983 akisema kwamba mnyama ambaye maisha yake yanaweza kuwa mazuri au mabaya kwake mwenyewe ana haki, na haki hiyo haizimwi na jumla ya faida za wengine. Kwa tahadhari, alianza na mamalia wenye umri wa mwaka mmoja na kuendelea, bila kudai kwamba walio chini ya hapo hawana kitu. Panya wengi wasiofugwa hawafikishi mwaka. Niliandika sentensi hiyo pembezoni mwa daftari kama mzaha, na baadaye nikaona kwamba si mzaha hata kidogo: kila nadharia huchora mstari mahali fulani, na ni kazi yako kwenda kusimama kwenye mstari huo pamoja na kiumbe wako.

Uwe mwangalifu na unachodai kuhusu mnyama

Tafakuri ni ya binafsi, lakini mnyama aliyemo ndani yake si wa kubuni. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha jaribio ambamo panya aliwekwa karibu na mwenzake aliyefungiwa katika bomba jembamba la plastiki. Baada ya siku kadhaa panya huru alijifunza kulifungua bomba, na hata palipowekwa bomba la pili lenye chokoleti, mara nyingi aliyafungua yote mawili, akamwachia mwenzake sehemu ya chokoleti. Ni rahisi kuandika kwamba jaribio hilo limethibitisha panya wana huruma. Watafiti wengine walilipinga hilo, wakasema huenda panya alitaka tu kuwa karibu na mwenzake. Andika walichokiona, kisha andika tafsiri kama tafsiri. Ukifanya hivyo msomaji atakuamini zaidi utakapofika kwenye mambo ambayo hayapimiki.

Kuna mtego mwingine hapa, ambao mwanafalsafa David Hume aliuonyesha katika karne ya 18: kuruka kutoka "ndivyo ilivyo" hadi "ndivyo inavyopasa" bila kuweka daraja. Kwamba panya anahisi maumivu ni jambo la sayansi. Kwamba maumivu yake yananiwekea wajibu ni jambo la maadili, na linahitaji sentensi yake yenyewe, iliyoandikwa waziwazi, ambayo msomaji anaweza kuikataa. Itafute sentensi hiyo katika rasimu yako. Usipoiona, ujue umeruka.

Waache wanyama na mazingira wagombane

Kichwa cha kazi husema "maadili ya mazingira na wanyama" kana kwamba ni kitu kimoja, na wanafunzi wengi huandika hivyo, aya moja ya misitu, aya moja ya kuku wa viwandani, na hitimisho linaloyabariki yote. Ukweli ni kwamba fikra hizi mbili hugongana vibaya, na mgongano huo ndio sehemu tajiri kuliko zote. Maadili ya wanyama humtazama mmoja mmoja: huyu hapa, mwenye mfumo wa neva, anayeumia. Maadili ya mazingira, kama yalivyowekwa na Aldo Leopold wa Marekani katika kitabu kilichotoka mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya kifo chake, hutazama jumuiya nzima ya udongo, maji, mimea na wanyama, na kuuliza kama tendo linahifadhi uthabiti na uzuri wa jumuiya hiyo. Regan aliona kwamba fikra hiyo inaweza kuhalalisha kumtoa mmoja kafara kwa ajili ya wote, na akaiita ufashisti wa mazingira, maneno makali ambayo yanafaa kukumbukwa kila unapojisikia kuandika neno "uwiano".

Nilimtafuta panya mahali ambapo mgongano huo umewahi kutokea kweli, nikampata katika kisiwa cha South Georgia, kusini mwa Bahari ya Atlantiki. Panya walifika huko katika meli za wawindaji wa sili na nyangumi, na wakala mayai na makinda ya ndege wanaotaga ardhini, akiwemo ndege mdogo mwimbaji ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Kati ya mwaka 2011 na 2015 helikopta zilimwaga chambo chenye sumu inayozuia damu kuganda, ambayo humwua panya kwa kuvuja damu ndani kwa ndani katika muda wa siku kadhaa. Na baadhi ya ndege waliokula chambo au mizoga walikufa pia. Mwaka 2018, baada ya ukaguzi uliohusisha hata mbwa wa kunusa, kisiwa kilitangazwa kuwa hakina panya tena, na ndege mwimbaji akaanza kurudi katika maeneo aliyokuwa ameyapoteza.

Sasa kazi ikawa ngumu. Sumu ile huenda ilimtesa kila panya kwa muda mrefu kuliko gundi yangu, na panya wa kisiwani hawakuchagua kupanda meli. Hata hivyo nilipoisoma habari hiyo nilifurahi kwa ajili ya yule ndege, na furaha hiyo ilinilazimisha kuuliza kwa nini naweza kulikubali lile ilhali tendo langu mwenyewe linanichoma. Nilijaribu majibu matatu. La kwanza lilikuwa kwamba kule palikuwa na spishi nzima iliyo hatarini, wakati kwangu palikuwa na kamba za mkoba. La pili lilikuwa kwamba waliofanya kazi ile walipima njia mbadala, nami sikupima. La tatu, ambalo sikulipenda, lilikuwa kwamba kule sikusikia sauti. Katika rasimu ya mwisho niliyabakiza yote matatu na kukiri kwamba la tatu ndilo lenye nguvu kuliko ningependa. Ukipata jibu usilolipenda, usilifute kwa sababu hiyo tu.

Kama unataka kupima iwapo unaamini kweli kwamba mazingira yana thamani yenyewe, mbali na faida zake kwetu, litumie fumbo la mwanafalsafa Richard Routley la mwaka 1973: mtu wa mwisho duniani, anayejua kwamba hakuna binadamu mwingine atakayekuja, anaharibu kila mti na kila mnyama anaoweza kuwafikia. Je, amekosea? Ukijibu ndiyo, umekiri kwamba kuna kosa lisilo na binadamu wa kulilalamikia. Kinyume cha fumbo hilo ni Magawa, panya buku aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi ya kunusa mabomu ya ardhini nchini Kambodia, aliyepewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la kutibu wanyama mwaka 2020. Alistahili, sina shaka. Lakini jiulize kama tulimtunuku yeye, au tuliitunuku faida yake kwetu.

Mambo ya kurekebisha kabla ya kuwasilisha

Tafuta neno "sisi" katika rasimu nzima. "Sisi binadamu tumeharibu mazingira" ni sentensi inayomficha aliyeiandika ndani ya watu mabilioni. Jaribu kuandika "mimi" mahali pake, na ukiona sentensi haisimami, iondoe. Andika pingamizi kali kuliko yote dhidi yako, tena kwa kinywa cha mtu unayemheshimu. Kwangu alikuwa mzazi mwenye mtoto mchanga anayelala sakafuni katika nyumba yenye panya, anayejua kwamba mkojo wa panya hueneza ugonjwa wa leptospirosisi, na ambaye hana muda wa kusikiliza habari za Bentham. Sikuweza kumjibu kikamilifu. Nilichoweza kumwambia ni kwamba hoja yake inahalalisha kumwondoa panya, na haisemi chochote kuhusu kuzima tochi.

Kuhusu urefu, tukio lisizidi robo ya kazi, la sivyo utajikuta unasimulia hadithi. Isome rasimu kwa sauti siku moja baada ya kuimaliza, kwa kuwa sauti ya hotuba hujificha machoni lakini haijifichi masikioni. Usiahidi kubadilisha maisha yako katika aya ya mwisho, kwa sababu anayesahihisha amekwisha kusoma ahadi hizo mara nyingi, na wewe mwenyewe huziamini. Ikiwa kuna jambo ulilolifanya kweli baada ya kutafakari, hata likiwa dogo, liandike kama lilivyo. Mimi niliandika kwamba nilitafuta tundu alimokuwa akipitia, nyuma ya kabati lilelile, nikaliziba kwa wavu wa chuma na saruji, na kwamba tangu hapo hakuna panya aliyeingia chumbani, ingawa usiku fulani huwasikia wakikwaruza upande wa pili wa ukuta.